Siku ya mifupa

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya chai nakagua chupa iliyo juu ya friji. Mifupa miwili ya paja la kuku imelowa kwenye siki tangu Jumamosi. Siki nimebadilisha mara mbili. Natoa mmoja, naukunja. Unapinda kama mkanda wa kandambili. Tayari.

Saa 12:30, bucha ya Majengo. "Madam, leo tena mfupa bila nyama?" Kijana wa msumeno ananipasulia mfupa wa paja la ng'ombe kwa urefu. Anaamini shuleni tunapika supu.

Saa 2, Kidato cha Tatu. Baiolojia tunafundisha kwa Kiingereza, ila mshangao hutoka kwa Kiswahili. Mfupa wa ng'ombe unapita mikononi: katikati ukuta mgumu uliozunguka uboho, kichwani vitundu vitundu kama kitumbua kilichokatwa. Kisha ule wa siki. Madini ya kalsiamu na fosfati yameyeyuka, zimebaki nyuzi za protini, yaani kolajeni. "Mamaa!" Wa mwisho niliuchoma kwenye mkaa hadi ukawa mweupe, hapo kolajeni ndiyo iliyoungua. Umbo ni lilelile, lakini binti wa dawati la mbele kaubana kwa vidole viwili, ukasagika kama chaki. Na hayo madini ni takriban theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu!

Saa 4, chai na chapati.

Saa 5, hadubini. Tunayo moja kwa darasa zima, tena ya kioo, haina taa. Jua la Dodoma ni la bure, tunaisogeza dirishani. Slaidi inaonyesha duara ndani ya duara, katikati mfereji wa mishipa ya damu. Mwingereza Clopton Havers aliandika habari za mifereji hiyo mwaka 1691, ikabaki na jina lake. Vidoa vyeusi kati ya duara ni vyumba vya seli hai. Hapa ndipo wengi hukwama, maana walishazoea kwamba mfupa ni jiwe. Kijana mmoja kaganda kwenye lenzi mpaka wenzake wakamvuta shati.

Mchana, kikao kirefu kuhusu madawati. Tuyaache.

Saa 1 usiku. Mwanangu, mkono wake una hogo wiki ya pili sasa, anauliza nani anaunga huko ndani. Namwambia kuna seli zinazokula mfupa wa zamani na zinazojenga mpya. Kwa sasa pameshikwa na gegedu laini, madini yanafuata. Anaupinda ule mfupa wa siki.

"Mama, kwa hiyo wangu sasa hivi uko hivi?"

"Pale ulipovunjika, karibu hivyo."

Anauchukua mkono wake taratibu, anaulaza juu ya mto.