Nancy Drew namba 5: hatimaye sura 25

Kimefika jamani, kitabu namba 5 cha Nancy Drew, zile hadithi za Kimarekani za binti mpelelezi!! Binamu yangu katua juzi kutoka Ohio, kabla salamu hazijaisha mi nishakitoa kwenye begi, nikaenda moja kwa moja ukurasa wa yaliyomo nikaanza kuhesabu kwa kidole. Ishirini na tatu, ishirini na nne, ISHIRINI NA TANO. Nikahesabu tena, zikafika zile zile 25.

Mnaonifuatilia mnajua namba 5, The Secret at Shadow Ranch, ilivyonitesa. Mwaka mzima na nusu, nakala tatu, zote zina sura 20, yaani toleo lililoandikwa upya, wakati la zamani ninalolitaka lina 25. Muuzaji wa mwisho alinihakikishia ni ya 1931, akatuma na picha, kumbe kapiga nusu ya chini tu ya ukurasa wa haki miliki, juu yake imeandikwa 1965. Hela imeenda, nauli ya kutuma imeenda, nilikasirika siku mbili sijagusa kabati.

Kosa lililonichelewesha ni kuamini jalada. Nilishajiwekea kwamba mgongo wa njano ni maandishi mapya, nikiona njano napita. Lakini migongo ya njano ilianza 1962, na kuandika upya kulianza 1959 na kwenda kitabu kimoja kimoja, namba 5 haikuguswa mpaka 1965. Kwa hiyo kuna miaka kama mitatu hapo katikati kilitoka na mgongo wa njano huku ndani bado ni maneno ya Mildred Wirt, mwandishi wa mwanzo. Hiki changu ndo hicho! Mgongo njano, ukurasa wa haki 1931 peke yake. Anayetafuta amwombe muuzaji picha ya yaliyomo, ukurasa mzima, mengine yote aachane nayo.

Huyo mama namtetea na ntaendelea kumtetea. Kaandika vitabu 23 kati ya 30 vya mwanzo, dola 125 kwa kitabu, basi, jina juu ya jalada Carolyn Keene, mtu ambaye hajawahi kuwepo. Watu wengi walikuja kumjua 1980 aliposimama kutoa ushahidi kwenye kesi ya wachapishaji New York, miaka 50 baada ya kitabu cha kwanza. Nikisoma toleo la zamani namsikia, Nancy wa miaka 16 hana muda wa kuomba ruhusa, anawasha gari anaondoka. Kwenye mapya kapewa miaka 18 na adabu nyingi.

Sasa shida. Mpango ulikuwa kulinganisha sura kwa sura, kushoto zamani kulia mpya, na namba 5 imegoma kabisa. Ni hadithi mbili tofauti! Farasi wa mzimu ambaye mapya yanamzungukia yeye, kwenye ya zamani hayupo, kuna mtoto Lucy anayelelewa na mwanamke mkali. Nimebaki na majina, shamba la Arizona, na Bess na George, marafiki wa Nancy, ambao ndo wanaingia hapa mara ya kwanza.

Vifaa: programu ya kuskani kwa simu nimeifuta, inakula maneno yote ya karibu na mshono na kubana kitabu cha umri huu siwezi. Vikaratasi vya gundi msiweke hata kwa dakika moja, karatasi za nakala za wakati wa Vita Kuu ya Pili zinabanduka nazo. Mi kaunta buku kwaya mbili na penseli laini, nimerudi huko na sihami.

Nilitaka niruke kwenye namba 8 mpaka 10, zile alizoandika Walter Karig, Mildred alipokataa malipo yaliyoshushwa. Ila jana nikamtoa namba 1 niangalie tarehe tu, nikakwama kwa Hannah Gruen. Toleo la zamani mama yake Nancy alifariki Nancy ana miaka 10, Hannah ni mfanyakazi, msichana ndo anaendesha nyumba. Jipya mama kafariki mtoto ana miaka 3, na Hannah kawa kama mama mzazi. Wamebadilisha namba moja na nyumba nzima imebadilika, nani anampa nani amri, nani anamngoja nani usiku!

Kwa hiyo Karig asubiri. Nimefungua ukurasa mpya wa Hannah peke yake, kila anapoongea naandika neno kwa neno, matoleo yote mawili. Namba 1 nimefika sura ya nne.