Ugwe Uliokataa Kupita Tunduni

Nilianza kuishuku kalipa yangu, kifaa cha kupimia unene kwa kubana kitu kati ya taya mbili, jioni niliyopasua kipande cha tatu cha mbao. Nilikuwa nikiunda merikebu ya mfano kwa skeli ya 1:64, yaani ndogo mara 64 kuliko merikebu halisi, na nilikuwa nimefikia kamba za kushikilia mlingoti, ambazo ncha zake za chini hukazwa kwa ugwe mwembamba unaopitishwa katika jozi ya vipande vya mbao vya mviringo, kila kimoja kikiwa na matundu matatu. Matundu hayo niliyatoboa kwa keekee ya milimita 0.8, na kalipa ilikuwa imesoma ugwe wangu milimita 0.7, hivyo ulipaswa kupita bila ubishi. Haukupita. Niliupaka nta, nikausokota ncha, nikausukuma kwa sindano, mbao ikapasuka.

Niliupima tena nikapata 0.7, nilipolegeza kidole, 0.85. Chini ya kioo cha kukuzia niliona taya za kalipa zikiubonyeza ugwe hadi ukawa bapa kama utepe, kwani kitu kilichosokotwa kina hewa katikati ya nyuzi zake, nami muda wote huo nilikuwa nikiikamua hewa hiyo na kuiita kipimo.

Nikachukua penseli, nikauzungushia ugwe mara 20, mizunguko ikigusana bila kupandana, na bila kuuvuta sana, maana kuuvuta nako huupunguza unene. Rula ilionyesha milimita 19, yaani 0.95 kwa kila mzunguko. Hata kama jicho langu lilikosea nusu milimita, kosa hilo lilikuwa limegawanywa kwa 20.

Hapo nikakumbuka kamba nene ya mlingoti mkuu, niliyokwisha kuifunga. Hesabu yake niliiamini: jedwali la kamba za merikebu halisi lilitaja inchi 12, na kwa kuwa mabaharia wa zamani walihesabu kamba kwa mzingo wala si kwa kipenyo, nilikuwa nimegawanya milimita 305 kwa 3.14, kisha kwa 64, nikapata 1.5. Lakini kamba yenyewe niliichagua kwa kalipa ileile. Kipande kilichosalia nilikizungusha mara 20 kwenye penseli, kikafika milimita 38. Nilikaa nikiitazama ile 1.9 kwa muda, kisha nikatafuta mkasi.