Usiku wa mbalamwezi Kibirizi

Vidonge vilikuwa 41. Nilivimwaga kwenye sahani ya bati, nikavihesabu mara mbili kwa mwanga wa chemli, nikitamani niwe nimekosea. Baba mdogo alikuwa amepewa 90 huko Dar es Salaam, kimoja kila siku, na siku 60 zilikuwa zimepita. Vilitakiwa vibaki 30.

Ilikuwa 2012, Kibirizi, Kigoma. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nasoma baiokemia, na asubuhi ile ndiyo nimeshuka kwenye treni.

"Baba mdogo, siku 11 hukumeza."

Hakukana. Aliinua shati akanionyesha tumbo. Bandama iliyokuwa imevimba upande wa kushoto, hata akashindwa kuinama kuvuta nyavu, ilikuwa imenywea. "Mtu akipona anaacha dawa, mwanangu. Ya malaria si tunaacha?"

Alikuwa na saratani ya damu. Kliniki walimwambia ameze kila siku, lakini kwa nini kila siku hakuna aliyemweleza. Nikavuta kigoda. Mwezi ulikuwa mpevu na mitumbwi imelala mchangani, maana mwezi ukiwa mkali dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Tulikuwa na usiku mzima.

Nikamwuliza nani huamuru nyavu zivutwe.

"Nahodha. Anatazama maji chini ya taa, akiona wamejaa anasema vuta."

"Na wavutaji wasipoambiwa?"

"Wanakaa tu. Hata mpaka alfajiri."

Basi nikamwambia kwamba ndani ya uboho wake, kila seli ina manahodha wa aina hiyo, protini ziitwazo kinasi. Homoni inayoagiza damu itengenezwe haiingii ndani ya seli. Inafika mlangoni, inashika kipokezi, na kinasi iliyo upande wa ndani inaamka. Inachukua fosfeti, chembe ndogo yenye fosforasi, kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine iitwayo STAT5, mahali pamoja tu, kwenye tairosini, mojawapo ya asidi amino zinazoiunda. STAT5 ndiyo mvutaji. Ipo siku zote, imekaa kimya. Ikishabandikwa fosfeti inashikana na mwenzake, wawili hao wanaingia kwenye kiini cha seli, wanatua juu ya DNA, na jeni za kuongezeka na za kutokufa zinaanza kusomwa. Baadaye kimeng'enya kingine kinaibandua fosfeti ile, kazi inasimama. Mpaka leo nikilifikiria jambo hili nasisimka: chembe ndogo namna ile, ikiwepo jeni zinasomwa, ikiondoka zinanyamaza.

"Mimi wangu amefanya nini?" akauliza.

Katika kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni, ya 9 na ya 22 zilikatika zikabadilishana vipande. Janet Rowley aliligundua hilo Chicago mwaka 1973, nami nilipolisoma mara ya kwanza nilimwazia baba mdogo, si mtihani. Pale vipande vilipoungana ikazaliwa kinasi ngeni, BCR-ABL, isiyongoja homoni yoyote. Inaibandika STAT5 fosfeti usiku na mchana.

Akapiga goti lake kwa kiganja. "Nahodha anapiga kelele vuta, vuta, na taa haijawashwa!"

"Ndiyo hivyo. Na hiki," nikainua kidonge kimoja, miligramu 400 za imatinibu, "kinakwenda kukaa kwenye kishimo ambamo ATP huingia. Kinasi inabaki pale pale, ila haina fosfeti ya kumpa mtu."

Akanyamaza kwa muda. Ziwa lilikuwa jeupe mpaka upande wa Kongo.

"Kwa hiyo nahodha hajafa."

"Hajafa, baba mdogo. Amezibwa mdomo tu. Dawa ikiisha mwilini, mkono unaondoka."

Alikichukua kidonge kutoka mkononi mwangu, akakigeuza kati ya vidole vyenye makovu ya kamba. Ndipo akasema jambo ambalo hata mama mdogo alikuwa halijui: kilimtia kichefuchefu, na mtu mwenye kichefuchefu hawezi kukaa kwenye mtumbwi. Siku za kwenda ziwani ndizo alizokuwa akikiruka.

Nikamwuliza alikuwa akikimeza na nini. Alikimeza alfajiri, tumbo tupu, kwa funda moja la maji.

Mama mdogo akainuka bila kuambiwa, akaleta ugali uliobaki na dagaa, na maji jagi zima.