Maua Kando ya Dirisha Wakati wa Baridi Kali

Theluji ikizuia watu ndani na jua likizama mapema, ua moja kwenye chupa linatosha kuupa moyo joto. Pia ni nafasi nzuri ya kupiga picha, na tulipu ndiyo ninayoipendekeza kwanza: huendelea kurefuka hata baada ya kukatwa na hugeukia mwanga, kwa hiyo kila asubuhi ina umbo jipya.

Weka meza kando ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, ua likiwa sentimita 50 hivi kutoka kwenye kioo. Zima taa zote za chumbani. Hili wengi hulipuuza, kisha wanashangaa petali nyeupe kuwa na umanjano upande mmoja na ubuluu upande wa pili: mwanga wa balbu na wa anga hauna rangi moja. Upande wenye kivuli simamisha karatasi ngumu nyeupe; ukitaka kivuli kizito, weka nyeusi.

Mwanga wa msimu huu ni hafifu, hivyo kamera ikae kwenye tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu. Anza na ISO 100 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi f/8, muda wa kupokea mwanga uchaguliwe na kamera, hata ukifika sekunde nzima. Tumia kipima muda cha sekunde 2, maana kidole chenyewe hutikisa kamera. Picha ikikosa ukali ingawa tripodi imetulia, kagua hita: hewa yake huyumbisha petali. Izime dakika chache.

Ua jeupe huidanganya kamera, likatoka kijivu. Ongeza mwangaza kwa stopu 1, yaani mwanga mara mbili. Jekundu lina tatizo jingine: rangi hujaa hadi mishipa ya petali ipotee, basi punguza theluthi mbili ya stopu.