Ninavyopima kipato cha wavuvi Lamu, patasi mkononi

Utafiti wangu ni wa biashara: mkopo ambao tajiri wa samaki humpa nahodha, ukalipwa kwa samaki.

Swali linaloniharibia hojaji ni "Unapata ngapi kwa mwezi?" Mvuvi huhesabu kwa maji: bamvua, yaani siku za maji makubwa, na maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo. Kwa hiyo nauliza: "Bamvua lililopita mlishusha kilo ngapi? Na maji mafu?" Mabamvua mawili, kila moja na maji mafu yake, ni mwezi mwandamo, siku 29 na nusu. Ukitaka kipato cha mwaka, ukazidisha bamvua moja kwa 24, unapata siku 354, umeangusha siku 11. Mimi nazidisha kwa 24.7. Kaskazi na Kusi, misimu miwili ya pepo, nazihesabu mbalimbali, kwani Kusi ikichafuka vyombo vidogo havitoki.

Kabla ya mgao naandika petroli, barafu na masurufu. Kisha kila fungu peke yake: la chombo, la nyavu, la mabaharia. Nahodha akiwa ndiye mwenye chombo, ukimwandikia jumla moja umechanganya ujira wake na kodi ya chombo.

Deni ndilo gumu. Hakuna atakayetaja riba, na kuiuliza ni utovu wa adabu. Nauliza bei mbili: anayolipwa mdaiwa na tajiri wake, na anayouzia asiyedaiwa. Tofauti ikiwa shilingi 30 kwa kilo 40, mkopo umegharimu shilingi 1,200 siku hiyo.

Saa nzuri ya kuuliza ni bamvua, mnamo saa nne asubuhi, maji yamekupwa na mashua zimelala mchangani. Hapo ndipo napofanyia starehe yangu, kalafati, yaani kuziba nyufa kati ya mbao za chombo, na mtu mwenye nyundo mkononi hujibiwa upesi kuliko mwenye fomu. Naanza chini, karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, kwa kuwa ndiko maji yanakorudi kwanza. Nang'oa pamba kuukuu, naacha mshono ukauke, nasokota pamba mpya iliyochovywa mafuta, naishindilia kwa patasi butu. Patasi kali huikata pamba. Nyundo nzito huisukuma ikatokea ndani, na kazi inaanza upya. Juu yake napaka deheni, yaani chokaa na shahamu iliyoyeyushwa, ingali moto. Chokaa ikizidi hupasuka ikikauka.

Majibu nayaandika kwa penseli. Kwa mikono ya mafuta wino haushiki karatasi, na simu haisikii kidole.