Spea za Tucson

Mjomba alipokuja Arizona kumtembelea binti yake mwaka 2016, sikuhangaika kumpeleka Grand Canyon. Mtu mwenye duka la spea za magari Gerezani, Dar es Salaam, utamwonyesha korongo la nini? Nikamkatia tiketi ya basi la makumbusho ya ndege ya Pima Air & Space Museum, ambalo siku zile lilikuwa likiingiza wageni ndani ya kambi ya Davis-Monthan, Tucson, zinakotunzwa ndege za kijeshi zilizostaafu.

Zilikuwa kama elfu nne, zimepangwa mistari mpaka macho yanachoka. Hazikuegeshwa juu ya lami. Udongo wenyewe ni mgumu wa kutosha kuzibeba, na hewa ni kavu, kutu haipati nafasi. Mwongozaji akaeleza kwamba ndege ikifika hutolewa silaha na baruti za kurusha viti vya rubani wakati wa dharura, kisha huoshwa, hasa zile za jeshi la majini kwa sababu ya chumvi. Mafuta hutolewa, mfumo ukapitishiwa oili nyepesi. Vioo na maungio hupakwa utando mweupe wa kurudisha joto la jua. Kwenye moja tuliyoipita kwa karibu, ule weupe ulikuwa umebanduka, chini yake kuna tabaka jeusi.

Mjomba alikuwa anatazama zisizo na injini. "Kumbe wanachinja!"

Nikatafsiri. Mwongozaji akacheka, akakubali: nyingi zinalisha spea wenzao wanaoendelea kuruka. Ila kuna ndege moja ya mabomu aina ya B-52, jina lake Ghost Rider, iliyowekwa pale 2008 na kurudishwa angani 2015.

"Muulize, mjomba, hosi za mafuta walibadilisha?" Walibadilisha. Akatikisa kichwa, ameridhika.

B-52 nyingine zilikatwa vipande kwa mkataba wa START, wa Marekani na Warusi kupunguza silaha za nyuklia, kwa bapa zito la chuma lililoachiwa kutoka kwenye kreni, vipande vikaachwa wazi ili setilaiti za Warusi zihakikishe. Hilo alilielewa. Ya ndege za kivita za F-14 ndiyo yaliyomkera. Marekani ilizistaafisha 2006, nyingi zikasagwa ili spea zisije zikafika Iran, nchi nyingine pekee iliyowahi kuzinunua.

"Spea nzima unaisaga? Si ungeifungia stoo tu?" Nilimweleza habari za siasa, hakutaka kusikia. Alinuna hadi tuliposhuka.

Jioni nikamsikia kwenye simu akimfokea kijana wake wa dukani: giaboksi zote zijazwe oili kabla ya kuingia stoo, na zile zilizotoka bandarini zioshwe kwanza kwa maji yasiyo na chumvi.