Chungu cha Pweza

Kwenye fomu yake niliandika maneno mawili tu: "wasiwasi kidogo." Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, anatolewa mfuko wa nyongo wenye mawe. Mikono yake ilikuwa ya baridi, na kabla sijamlaza usingizi aliniuliza mara tatu kama kweli ataamka.

Upasuaji ulikuwa haujatimiza dakika ishirini presha ilipoporomoka. Ya juu ikawa 60. Mstari wa umeme wa moyo nao ukainuka kama wa mtu aliyezibwa mshipa wa moyo. Mpasuaji akasimamisha kazi. Mimi tayari nilishashika bomba la sindano ya adrenalini, dawa ya kupandisha presha. Sisi wa usingizi mkono hukimbilia huko kabla ya akili.

"Subiri, tuutazame kwanza," mwenzangu akasema.

Tukamwingiza probu ya ultrasaundi, kifaa cha kupiga picha kwa mawimbi ya sauti, mdomoni hadi kwenye umio. Umio unapita nyuma ya moyo, karibu kugusana nao, kwa hiyo picha hutoka safi na mpasuaji habughudhiwi. Chemba ya kushoto ya chini, inayosukuma damu mwilini, ilikuwa imetuna upande wa ncha, haikunji kabisa, huku shina lake likikaza kwa nguvu za kupindukia. Mshipa mmoja ukiziba, sehemu inayolala ni ile tu unayoilisha. Hapa ncha yote ilikuwa imelala, kila upande. Takotsubo! Madaktari wa Japani waliupa ugonjwa huu jina hilo mwaka 1990, yaani chungu cha kunasia pweza, chenye shingo nyembamba na tumbo pana. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na inaaminika kwamba homoni za hofu, adrenalini ikiwemo, ndizo zinazoupumbaza moyo.

Kilichonitoa jasho ni vali ya mitrali, mlango wa majani mawili unaoingiza damu kwenye chemba hiyo. Kila moyo ulipojikunja, jani lake moja lilivutwa likaziba njia ya damu kutoka. Adrenalini ingelikaza lile shina zaidi, na njia ingezidi kuziba.

Nikaweka bomba chini. Tukampa maji, fenilefrini kidogo kidogo ya kubana mishipa, na presha iliposhika, esmololi ya kupunguza mbio za moyo. Jani likarudi mahali pake.

Angiografia, picha ya mishipa ya damu, ilionyesha mishipa ya moyo iko wazi. Baada ya wiki sita moyo ulikuwa unakunja vizuri, nikamwonyesha picha zote mbili. Akaikazia macho ile ya kwanza.

"Kumbe daktari, niliogopa mpaka ikaonekana."